Ngitili: Kanuni ya Kijiji na Kurudi kwa Misitu ya Shinyanga

Nchi iliyokwisha kuitwa jangwa yaweza kurudisha miti yake hata pale ambapo hapakupandwa miche, mradi mizizi ya miti ya zamani iwe ingali hai ardhini, na mifugo izuiwe kwa muda wa kutosha. Hili si jambo la kukisia. Limetokea katika Mkoa wa Shinyanga, kaskazini-magharibi ya Tanzania. Mwaka 1986, ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa mkoani zilikuwa na eneo la hekta 600 na kitu tu. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000, makadirio yalionyesha eneo la hekta kati ya 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Makala hii inakusudia kueleza mambo mawili. La kwanza ni jinsi mti uliokatwa unavyoweza kufufuka, na jinsi kufufuka huko kunavyogusa udongo, maji na hewa. La pili ni jinsi kanuni iliyotungwa na wanakijiji wenyewe ilivyoulinda ufufuko huo. Kwa kawaida mambo haya hutenganishwa: la kwanza huachiwa wataalamu wa mimea, la pili huachiwa watu wa utawala. Huko Shinyanga yalikwenda pamoja, na halmashauri yoyote inayotaka kushiriki katika vita dhidi ya mabadiliko ya tabianchi ina la kujifunza katika kuungana kwake.

NCHI ILIVYOPOTEZA MITI YAKE

Shinyanga hupata mvua ya wastani wa milimeta 600 hadi 900 kwa mwaka. Mvua hiyo hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei. Miezi inayobaki ni kiangazi. Wenyeji walio wengi ni Wasukuma, watu wa jembe na ng'ombe. Hapo zamani sehemu kubwa ya nchi hiyo ilifunikwa na misitu ya miombo na migunga.

Misitu hiyo haikutoweka kwa sababu moja. Kuanzia miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliendesha kampeni ya kufyeka vichaka ili kumwondoa mbung'o, mdudu aenezaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Utafiti juu ya mdudu huyo ulikuwa na makao yake Shinyanga, ukiongozwa na C. F. M. Swynnerton. Kwa upande wa afya, kampeni hiyo ilikuwa na maana yake. Lakini nchi iliyofyekwa ilikaribisha mashamba na mifugo kuliko ilivyoweza kubeba. Yakafuata mashamba makubwa ya pamba, idadi ya watu na ng'ombe ikaongezeka, na kuni zikahitajiwa kila siku katika kila jiko.

Kati ya mwaka 1974 na 1976, Operesheni Vijiji iliwakusanya watu katika makazi mapya. Familia nyingi ziliacha nyuma mahame yao pamoja na malisho waliyokuwa wakiyatunza. Malisho yasiyo na mtu wa kuyaangalia yakawa mali ya kila mchungaji apitaye. Rais Julius Nyerere alipoutembelea mkoa huo mwaka 1984, hali aliyoikuta ilimshtua, na jina la "Jangwa la Tanzania" likaenea. Miaka miwili baadaye HASHI ikaanza kazi.

Hapo mwanzo mradi ulitilia mkazo vitalu vya miche na upandaji, kama ilivyokuwa desturi ya miradi ya misitu ya wakati ule. Lakini mche mchanga, wenye mzizi wa sentimeta chache, una shida kubwa ya kuvuka kiangazi cha miezi mitano katika nchi yenye ng'ombe na mbuzi wengi. Ndipo wataalamu wakageukia jambo ambalo wazee wa Kisukuma walikuwa wakilijua tangu zamani.

NGITILI NI NINI?

Ngitili ni neno la Kisukuma lenye maana ya malisho yaliyotengwa na kufungwa. Mvua zinapoanza, eneo lililochaguliwa hufungwa, na mifugo hairuhusiwi kuingia. Majani huota, hurefuka na kukomaa. Kiangazi kinapokuwa kikali, yapata mwezi wa Julai au Agosti, ngitili hufunguliwa kidogo kidogo, na wa kwanza kuingia ni wanyama wanaostahili kusaidiwa: ndama, ng'ombe wenye maziwa, maksai wa kulimia, na wale waliodhoofika. Kwa maneno mengine, ngitili ni ghala la majani lisilo na paa.

Zipo ngitili za aina mbili. Za aina ya kwanza ni za familia, nazo aghalabu ni ndogo na huwa karibu na makazi. Za aina ya pili ni za kijiji au za shule na vikundi, nazo huweza kuwa kubwa. Shabaha ya asili ilikuwa majani ya ng'ombe, wala si misitu. Lakini ardhi inayofungwa kwa ajili ya majani huwapa nafasi pia visiki vilivyofichika chini ya majani hayo.

KISIKI KILICHO HAI

Mti unapokatwa, kinachoondoka ni shina na matawi. Mizizi hubaki ardhini, pengine ikiwa imeshuka kwenda chini meta kadhaa. Katika miti mingi ya miombo na migunga, mizizi hiyo huendelea kuishi. Ndani yake mna akiba ya wanga ambayo mti ulijiwekea wakati ulipokuwa na majani. Mvua zinaponyesha, akiba hiyo hutumika kuotesha chipukizi kutoka kwenye kisiki.

Kama chipukizi zitaachwa, majani yake yatafanya usanisinuru, yaani kutengeneza chakula kwa nguvu za jua, na akiba iliyotumika itarudishwa. Lakini kama mbuzi atazila wiki hii, na ng'ombe akazila tena mwezi ujao, kila mara kisiki kitalazimika kuchota ghalani pasipo kuweka kitu. Hatimaye ghala huwa tupu na kisiki hufa. Hivyo, katika nchi nyingi zinazoonekana kuwa tupu, msitu ungali upo. Umezuiwa tu usiinue kichwa.

Chipukizi la kisiki lina faida kubwa juu ya mche wa kitalu. Mche hauna budi kwanza kutafuta maji kwa mzizi mfupi, hali chipukizi hutumia mizizi ya mti mzima iliyokwisha kuyafikia. Kwa sababu hiyo, chipukizi hukua haraka zaidi katika miaka ya mwanzo. Mkulima anaweza kulisaidia kwa kuchagua mawili au matatu yaliyo imara katika kila kisiki na kuyapogoa mengine. Katika Mkoa wa Dodoma njia hiyo sasa inajulikana kwa jina la "kisiki hai".

Migunga ina sifa nyingine. Nayo, kama ilivyo kunde na maharage, ni mimea ya jamii ya mikunde. Katika mizizi ya mingi kati yake huishi bakteria wanaoweza kuitwaa naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mimea. Majani ya mgunga yanapoanguka na kuoza, sehemu ya naitrojeni hiyo huingia katika udongo. Si ajabu, basi, kuona majani ya malisho yakistawi chini ya mgunga kuliko pembeni yake.

TONE LA MVUA NA UDONGO MTUPU

Tone kubwa la mvua hufika ardhini kwa mwendo wa kiasi cha meta 9 kwa sekunde. Likiangukia udongo mtupu, hupasua chembe za udongo. Chembe zilizo laini huziba vitundu vya juu, na utando mgumu hufanyika. Mvua inayofuata haipati njia ya kupenya. Hutiririka, huchukua udongo, na kuuacha mtoni au bondeni. Mtu anaweza kuona mvua nyingi ikinyesha, na baada ya siku mbili akakuta udongo umekauka kina cha kiganja kutoka juu.

Katika ngitili mambo huwa mengine. Majani ya miti na nyasi hulipunguza nguvu tone kabla halijafika chini. Majani makavu hufunika udongo. Mchwa na wadudu wengine hutoboa njia, na mizizi iliyokufa huacha mirija ambamo maji hushuka. Sehemu kubwa zaidi ya mvua huingia ardhini badala ya kukimbia.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba miti mingi zaidi huleta maji mengi zaidi siku zote. Mti wenyewe hunywa maji na kuyatoa hewani kupitia majani yake. Katika nchi kavu, faida kubwa ya maji hupatikana pale miti inapokuwa ya wastani, yaani inatosha kuufungua udongo bila ya kuyamaliza maji ya chini. Ngitili, ambayo ni malisho yenye miti na wala si msitu mnene, huelekea kukaa katika kiasi hicho.

HEWA YA UKAA: HESABU FUPI

Kabla ya kukua kwa viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa za hewa ya ukaa, yaani kaboni dioksidi. Sasa zimepita 420. Hewa hii huzuia sehemu ya joto la dunia lisitoroke kwenda angani, na kuongezeka kwake ndiko chanzo kikuu cha mabadiliko ya tabianchi yanayoshuhudiwa. Mti, kwa upande wake, huitwaa hewa hiyo na kujengea mwili wake.

Kiasi kinachotwaliwa kinaweza kukadiriwa na mwanafunzi yeyote anayejua uzito wa atomu. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Uzito wa kaboni ni 12, na wa oksijeni ni 16. Kwa hiyo molekuli moja ya hewa ya ukaa, yenye kaboni moja na oksijeni mbili, ina uzito wa 44. Kila tani ya kaboni iliyomo ndani ya mti imetokana na tani 44/12, yaani 3.67, za hewa ya ukaa.

Na ichukuliwe kwa mfano ngitili ya kijiji yenye hekta 100, ambayo kila hekta huongeza tani moja ya mti mkavu kwa mwaka. Kiasi hicho ni cha mfano tu. Ngitili halisi hutofautiana kwa udongo, mvua na umri. Hesabu itakuwa hivi:

Mti mkavu ulioongezeka: tani 100.
Kaboni iliyomo: tani 50.
Hewa ya ukaa iliyotwaliwa: 50 × 3.67, yaani tani 183 hivi.

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa. Basi ngitili hiyo ya mfano, katika mwaka mmoja, hutwaa hewa ya ukaa iliyo sawa na ile inayotolewa na lita 68,000 hivi za dizeli.

Hesabu hii inahitaji tahadhari mbili. Kwanza, mti hauongezeki milele. Ukifikia ukomavu, kasi ya kutwaa hupungua, na kazi yake kubwa inabaki kuwa kuhifadhi. Pili, kilichohifadhiwa chaweza kutoka. Siku msitu utakapochomwa mkaa, kaboni iliyokusanywa kwa miaka 20 itarudi hewani kwa muda wa majuma machache. Mti peke yake, basi, hauwezi kuitwa hifadhi ya kaboni. Pamoja na mti hapana budi pawe na sababu ya watu kutoukata.

Tena ni haki kusema kwamba wanakijiji wa Shinyanga hawakuichafua anga ya dunia. Sehemu kubwa ya hewa ya ukaa iliyoongezeka ilitokana na nchi zenye viwanda. Kwa mfugaji, faida ya kwanza ya ngitili ni kustahimili: mvua zikichelewa, bado yapo majani ya kumfikisha ng'ombe mwisho wa kiangazi. Faida kwa dunia huja nyuma ya hiyo.

KANUNI NA WENYE KANUNI

Kufunga malisho ni rahisi kutamka, lakini ni kugumu kutenda. Mwenye ng'ombe hamsini wenye njaa, anayeona majani ya kijani ng'ambo ya mpaka usio na ukuta wala waya, anazuiwa na nini?

Jibu moja lilijaribiwa Kondoa, katika Mkoa wa Dodoma. Huko mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwa amri ya serikali katika eneo lililoliwa na mmomonyoko, lenye zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Mimea ilirudi, na jambo hilo ni ushahidi mwema wa nguvu ya ardhi iliyopumzishwa. Lakini ulinzi wake ulisimama juu ya amri kutoka nje, na gharama yake ilibebwa na wafugaji ambao hawakuwa waamuzi.

Shinyanga ilifuata njia nyingine. Wasukuma walikuwa na dagashida, mkutano wa jadi ambamo kanuni hutungwa, mashauri husikilizwa na faini hutolewa. Walikuwa pia na sungusungu, walinzi walioanza mapema katika miaka ya 1980 kwa ajili ya kukomesha wizi wa ng'ombe. Vyombo hivyo viwili viliingizwa katika kazi ya kulinda ngitili. Aliyeingiza mifugo katika ngitili iliyofungwa alijua kwamba atakaowakabili ni majirani zake.

Kanuni za jadi zilihitaji pia mkono wa sheria ya nchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mapendekezo hujadiliwa na mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni watu wazima wote wa kijiji, kisha hupelekwa katika halmashauri ya wilaya ili yaidhinishwe. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliongeza nguvu ya vijiji kumiliki na kusimamia ardhi na misitu yao. Kwa njia hiyo ngitili iliyolindwa na mila iliweza kulindwa mahakamani pia.

Kazi ya wataalamu wa HASHI, na ya watafiti wa kituo cha kimataifa cha kilimo-mseto, ICRAF, chenye makao yake Nairobi, ilikuwa kupima, kushauri juu ya aina za miti, na kufundisha. Mipaka ya ngitili, siku ya kuifunga na kuifungua, na kiasi cha faini viliamuliwa vijijini.

FAIDA, NA SWALI LA MGAWANYO

Uchunguzi uliofanywa na Wizara ya Maliasili na Utalii kwa kushirikiana na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, ambao ulichapishwa mwaka 2005, ulikadiria kwamba mazao ya ngitili yalikuwa na thamani ya dola 14 za Kimarekani kwa mtu mmoja kwa mwezi. Wakati huo matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50 kwa mwezi. Mazao hayo ni kuni, nguzo, majani ya kuezekea, malisho, asali, dawa na matunda ya mwituni. Wanawake waliopata kuni karibu waliokoa saa 2 hadi 6 za mwendo.

Lakini wastani huficha tofauti. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi huwa na ngitili yake, tena huweza kukodisha malisho kwa wengine. Familia isiyo na ng'ombe hutegemea ngitili ya kijiji kwa kuni na dawa, na kama ngitili hiyo itagawanywa kwa watu binafsi, haibakiwi na kitu. Zaidi ya hayo, pamoja na miti hurudi wanyama waharibifu, na shamba lililo jirani na ngitili ndilo linalolipa. Kanuni isiyotazama mambo hayo huanza kuvunjwa na wale inaowaonea.

Shida nyingine zinazidi kukua. Watu wameongezeka, na kila kijana anayeoa huhitaji shamba. Miji nayo huhitaji mkaa. HASHI kama mradi ilimalizika mwaka 2004, na tangu hapo mzigo umekuwa juu ya vijiji na halmashauri za wilaya. Mwaka 2012 mkoa wenyewe uligawanywa: wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu ziliingia katika Mkoa mpya wa Simiyu, na Bukombe katika Mkoa mpya wa Geita. Kwa sababu hiyo, anayesoma tarakimu za Shinyanga za miaka ya 1990 asizilinganishe na za mkoa wa leo bila ya kuuliza kwanza mipaka ipi inatajwa.

LA KUFANYA SHULENI

Mambo yaliyoelezwa hapa yanaweza kupimwa na wanafunzi wa sekondari kwa vifaa vichache. Pachaguliwe sehemu mbili zenye udongo wa namna moja, kila moja ya meta 10 kwa 10: moja iliyofungwa isiingiwe na mifugo, nyingine iliyo wazi. Kazi ya kwanza ni kuhesabu visiki vilivyo hai na kupima urefu wa chipukizi zake. Kipimo hicho kirudiwe kila muhula.

Kazi ya pili ni kupima upenyaji wa maji. Kopo la bati lililotolewa pande zote mbili lididimizwe ardhini sentimeta 5. Nusu lita ya maji imiminwe ndani yake taratibu, na muda wa maji kuisha upimwe kwa saa. Jaribio lirudiwe mara tano katika kila sehemu, na wastani ukokotolewe. Tofauti kati ya wastani huo wa pande mbili itawaonyesha wanafunzi waziwazi kile ambacho ufungaji wa ardhi umefanya chini ya miguu yao.

Kazi ya tatu haihitaji kopo wala saa. Wanafunzi waende katika ofisi ya mtendaji wa kijiji au wa kata, waulize kama ipo sheria ndogo ya kulinda malisho au miti, ilitungwa mwaka gani, nani alihudhuria mkutano ulioipitisha, na mara ya mwisho ilitumika lini. Majibu hayo yaandikwe katika daftari lile lile lenye vipimo vya visiki na maji. Baada ya miaka michache, shule itakuwa na kumbukumbu ambayo halmashauri yake yenyewe huenda haina, na itaweza kuonyesha kwa tarakimu kama chipukizi zilizopimwa zilirefuka katika miaka ambayo kanuni ilishikwa, na zilikuwaje katika miaka ilipolegezwa.